Mgombea Udiwani Kanisindikiza

Jamani, leo mtu kabisha hodi kwangu bila kupiga simu kwanza!

Mnaoishi huku Alexandria, Marekani, mnanielewa. Nimekimbilia mlangoni na mwiko mkononi, nikidhani jengo linawaka moto.

Kumbe ni mama mmoja Mmarekani, mgombea binafsi wa udiwani. Hana chama, hana wapambe. Ana raba zake miguuni na mfuko wa vipeperushi.

Akaniomba kura.

Nikamwambia, "Mama, mimi bado si raia. Kura sina."

Nikajua ataaga. Hapa nani ana muda wa kupoteza?

Akauliza, "Unapika nini kinanukia hivyo?"

Maharage ya nazi! Nikamkaribisha. Akaingia kweli, akala, akaongeza.

Alipoaga, miguu yangu ikasahau kwamba iko Marekani. Nikamsindikiza, kama mama yangu anavyosindikiza wageni kule Tanga. Nimembebea mfuko, tunapiga soga, hadi jengo la pili. (Majirani sasa wanajua mimi ni mpambe wake 😂)

Nikamweleza kwamba kwetu mgeni haachwi mlangoni.

Akasimama, akanitazama. "Basi na wewe hutarudi peke yako."

Akageuka. Kura zote zile zinamsubiri, yeye ananirudisha mimi nisiye na kura hadi mlangoni kwangu.

Nimefunga mlango, nimekaa chini palepale, nimelia.

Nyie wenzangu, mara ya mwisho mlisindikizwa na nani?

Mimi, kabla ya leo, ni mama yangu. Uwanja wa ndege, siku naondoka nyumbani.