Mstari wa Vitone Baina ya Ibra na Nizwa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji ya Nizwa, katikati ya miaka ya sabini, nilipewa meza ya kuchorea, kalamu tatu za wino na kioo cha kukuzia. Unguja, kabla ya kuvuka bahari, nilikuwa mwalimu. Kuchora ramani nilijifunza pale pale. Mkuu wa Uchoraji alisimama mlangoni akaniambia, "Bi Zuwena, mtu ataweka mguu pale utakapoweka kalamu."

Tukichora aflaj, yaani mifereji ya kale iletayo maji mashambani kutoka vilimani. Falaj, mmoja wa mifereji hiyo, huanzia chini ya ardhi, kisha hutokeza juu, ikapita baina ya mitende. Mkuu alitaka kujua mifereji yote kutoka Ibra hadi Nizwa, ipi nzima, ipi imebomoka. Gari halikuweza kupita ukingoni mwa mifereji, na kwa miguu ingekuwa kazi ya wiki nyingi. Nikasema, "Kwa baiskeli je?"

"Baiskeli? Hapa si Unguja, Darajani, Bi Zuwena!" Lakini alicheka, na kesho yake akaniambia nipange safari.

Mpanda baiskeli angekuwa Bwana Nassor, mpimaji wetu, mtu wa Pemba, mpole, mwenye miguu mirefu. Miezi miwili niliinamia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, nikiunganisha falaj ya kijiji hiki na ya kijiji kile. Wallahi, nilikuwa sipo ofisini. Nilikuwa nateleza ukingoni, maji yananong'ona ubavuni, vivuli vya mitende vinanipita usoni. Niliandika pa kulala, pa kunywa, pa kubeba baiskeli begani. Baada ya Ibra, kwenye tambarare, niliona mstari wa vitone. Mitende, nikasema moyoni, na nikaandika: maji na kivuli.

Bwana Nassor alianzia Ibra, ramani yangu mkobani. Siku ya kumpokea Birkat al Mauz, kijiji cha karibu na Nizwa, nilikwenda na Mkuu. Bwana Nassor hakutokea. Siku ya pili pia hakutokea. Mkuu hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Siku ya tatu, baada ya alasiri, Bwana Nassor alikuja akikokota baiskeli, midomo imepasuka.

"Vile vitone si mitende," alisema alipokwisha kunywa. "Ni mashimo ya kushukia mafundi. Falaj pale imo chini kabisa. Nililala kifudifudi juu ya shimo, Bi Zuwena, nikayasikia maji yanapita. Nayasikia, siyafikii." Bibi mmoja mchunga mbuzi ndiye aliyemkuta akampa maji ya kiriba.

Nililia mbele yao. "Nisamehe, Bwana Nassor. Nimechora nchi nisiyoijua."

Akaiegemeza baiskeli mtendeni. "Nimekusamehe. Lakini kipande kilichobaki, mpaka Nizwa, twende sote."

Nikamtazama Mkuu. "Mwenyewe akitaka, na mumewe akiridhia," alisema.

Mume wangu aliridhia, na breki akanikazia mwenyewe. Tuliondoka Birkat al Mauz baada ya sala ya alfajiri, mimi na suruali chini ya kanzu, Bwana Nassor mbele. Tulipita migombani, ambako majani yenye umande yalitupiga mabegani na maji yalikwenda mwendo wetu, hata nikahisi dunia ndiyo inayopita, sisi tumetulia. Kisha tukatoka juani, kwenye mashimo mengine ya namna ile ile. Nilishuka, nikalala kifudifudi juu ya shimo moja. Hewa ya baridi ilinipanda usoni. Na kweli, chini kule, mbali, maji yalikuwa yanasema. Bwana Nassor alisimama kando, hakunihimiza. Nizwa tuliingia adhuhuri.

Toka siku hiyo sikuchora mfereji bila ya kwenda kuuona. Baadaye walikuja Wakuu watatu, mmoja baada ya mwingine, wengine wakinung'unika kwamba nachelewesha kazi, niliwaacha wanung'unike. Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Vijana wananiuliza ufundi ule ulikuwa nini hasa, nami nawaambia ulikuwa kutoka ofisini, kwenda kuona.

Siku hizi magoti hayataki tena. Baada ya chakula cha mchana hujinyoosha, nikapanga kichwani safari nyingine, ya kutoka Nizwa mpaka Sur, naifuata falaj moja baada ya moja mpaka nasikia harufu ya bahari. Nikifika mahali nisipopajua, nasimama. Pale sichori, naiacha karatasi nyeupe.