Divai ya Kupokelea Posa

"Umeniuzia siki, mzee Himmat! Wanaoleta posa wanafika saa kumi, niwape siki?"

Mama Eveline, muuza ulanzi, pombe ya mianzi, wa Mlandege, aliibwaga chupa juu ya kaunta, wateja wakageuka. Divai alikuwa hajawahi kuinunua maishani, ila wakwe wa binti yake aliona wasipokelewe kwa ulanzi mtupu.

Himmat, mwenye duka, alionja akakunja uso. "Uliifungua lini?"

"Wiki iliyopita, siku ileile niliyoinunua. Nililegeza kizibo ipumue. Ulanzi ukiubana si unapasua chupa?"

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama, ulanzi bado unachemka kwa chachu yake. Hii ilishachemka ikatulia hukohuko ilikotengenezwa. Ukiipa hewa wiki nzima inageuka siki. Ifungue wageni wakishakaa."

Mama Eveline akapekua pochi yake. Hela ya chupa nyingine hakuwa nayo. Himmat akamsukumia moja. "Utanilipa ulanzi mtamu, mvua zikianza na mianzi ikitoa maji."

Wageni walikunywa, posa ikapokelewa. Mvua zilipoanza, Mama Eveline alimpelekea mzee dumu la ulanzi mtamu wa asubuhi hiyo.

"Tumemalizana," akasema. "Na usinicheke tena mbele za watu."