Viatu vya Baba Yake Linusi

Ndugu zangu wa Ifakara, natangaza kwa heshima zote kwamba leo asubuhi mbwa wa jirani amekula kiatu.

Chekeni kwanza.

Kiatu chenyewe kiliachwa na marehemu baba yake rafiki yangu Linusi. Leo Linusi alikuwa anamwoza binti yake, akanipa jozi hiyo jana niipake nta.

“We fundi, mbona vinanuka kambale?” aliniuliza jioni alipokuja kuvichukua.

“Ndiyo harufu ya nta nzuri, bwana! Vianike nje tu.”

Amepita kwangu akienda kanisani pekupeku. Hakunisalimu.

Nimewaambia watu mbwa yule ana kichaa. Si kweli. Nta ya nyuki huchanganywa na mafuta ya ufuta. Yangu yaliisha, nikaona uvivu kwenda kutafuta mengine, nikamimina ya samaki. Linusi aliniuliza, nami nikamdanganya.