Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa inajizima kila nikiitumia nyumbani kwa mama, kijijini Akheri. Kwa fundi, mjini mtaa wa Ngarenaro, ilifanya kazi siku nzima bila shida. Hata hivyo fundi akaipaka prosesa dawa mpya ya kuipoza. Nikarudi nayo, ikajizima tena. Nikamlaani fundi, kisha nikaigusa: ilikuwa ya moto kama pasi. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na kitambaa alichofuma mama. Sikuwa nimekitilia maanani, maana kwetu kila kitu hufunikwa.

"Usikitoe, mwanangu, vumbi litaingia," mama alisema.

Hasira ikaniisha. Nikamshukuru, nikakitandika chini ya kompyuta. Mama hufunika redio, makochi, na chakula cha aliyechelewa kurudi. Aliyechelewa siku zote nilikuwa mimi.