Kitufe cha "Sitaki"

Mwanangu, umri umenichukulia mengi, lakini kuna siku moja ya ujana wangu imegoma kuondoka. Nikiikumbuka, mwili bado unanisisimka, na mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimekuwa nesi miaka mingi, nimeona kila kinachoweza kutoka ndani ya binadamu. Kilichonishtua siku ile hakikuwa damu. Kilikuwa neno moja tu lililoandikwa kwenye kompyuta.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mwanza ilijaa viwanda vya minofu ya sangara, na huku vyama vya pamba vinakufa kimoja kimoja. Nilikuwa msichana bado, muuguzi msaidizi katika hospitali moja pale mjini, wodi ya watu waliopatwa na kiharusi. Akaja mama mmoja wa Kizungu kujitolea, na kompyuta yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu ilikuwa hivyo hasa. Aliiandikia ile kompyuta programu kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza kauli. Kwenye kioo kulikuwa na vitufe vimepangwa kutoka juu kwenda chini: Ndiyo, Sitaki, Asante, Maji, Naumwa. Mgonjwa anasogeza kipanya kwa mkono wenye nguvu, anabonyeza, neno linatokea kwa herufi kubwa ambazo hata aliyesimama mlangoni anazisoma.

Kabla ya kuondoka alitufundisha amri mbili, mimi na fundi wetu Deo, kijana wa Bukoba mwenye akili na mwenye kujua kwamba ana akili. Amri ya kwanza ilifuta maandishi tu. Neno linaondoka kwenye kioo, kitufe kinabaki, na mgonjwa anaweza kulisema tena neno lake. Ya pili ilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuangamiza. Unaliandika, unalifuatisha na jina la kitufe, na kitufe chenyewe hakipo tena. Haikuulizi kama una hakika. Hii ya pili alituambia tusiiguse bila sababu.

Mgonjwa aliyeipenda kompyuta ile kuliko wote alikuwa Mzee Kulwa, aliyewahi kuwa mpima pamba kwenye kinu. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala na ulimi ulikuwa hautamki, lakini akili ilikuwa nzima kabisa. Mkewe, Mama Kabula, alishinda naye kutwa. Na alikuwa na pacha wake, Doto, aliyekuwa akivuka na kivuko cha Busisi kuja kumwona. Wanafanana mpaka manesi wapya wanashtuka. Lakini wewe unajua, ndugu ni kufaana, si kufanana.

Mzee Kulwa alikuwa na nyumba Kirumba, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na mfanyabiashara mmoja aliitamani iwe ghala lake. Doto alitaka nduguye ahamishiwe kijijini, nyumba achukue yule tajiri, na Mama Kabula arudi kwao, ati kwa kuwa alizaa binti mmoja tu. Alimuuliza pacha wake mara nyingi. Kila mara ule mkono wa kushoto ulishuka taratibu kwenye kitufe cha pili, na kioo kikajaa neno SITAKI.

Basi Doto akaitisha kikao cha ukoo, na akamwita mjumbe wa nyumba kumi. Kwetu jambo la nyumba haliishi kwa kunong'onezana. Mwenyewe anaulizwa mbele ya watu, anajibu mwenyewe, mjumbe anasema "nimesikia," na hapo limekwisha. Kulirudisha nyuma ni kazi ya mahakama na machozi.

Asubuhi ya kikao nilikuwa natandika vitanda nilipomwona Doto amesimama na Deo kwenye kompyuta.

"Kijana wangu, hiki kitufe kinamtesa ndugu yangu," Doto alisema. "Uji, sitaki. Mazoezi, sitaki. Atapona lini? Mwondolee."

Sikuona hongo ikipita, nisije nikasema uongo. Nadhani Deo alifurahi tu kuonyesha ufundi. Aliandika neno lile la kuangamiza, na Sitaki ikatoweka. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitegemea: vitufe vya chini vilipanda juu vyenyewe, vikaziba nafasi. Hapakubaki hata pengo. Ungeingia wakati ule ungeapa kwamba hapajawahi kuwa na neno kama hilo.

"Deo, umefanya nini?" nilimuuliza.

"Ni kioo tu, nesi. Sijamgusa mgonjwa."

Mchana watu wakakaa pale pale wodini. Mjumbe, mzee mkimya mwenye kofia ya pama, aliitikia shikamoo zetu akaketi karibu na kiti cha Mzee Kulwa. Doto akauliza kwa sauti ya upole: "Kulwa, ndugu yangu wa tumbo moja. Unakubali tukupeleke nyumbani, na nyumba ya Kirumba tuishughulikie sisi?"

Mkono wa kushoto ukasogea. Mzee hakuhitaji hata kusoma, mahali pale alikuwa amepazoea. Akabonyeza kitufe cha pili.

Kioo kikaandika ASANTE.

Mzee Kulwa alikitazama kioo kama mtu aliyesikia sauti ya mwingine ikitoka kinywani mwake. Akabonyeza tena, kwa nguvu. ASANTE. Jasho likaanza kumtoka. Doto akawageukia watu: "Mmeona wenyewe. Anashukuru." Mama Kabula alijifunika uso kwa kanga, na mjumbe akafungua mdomo kusema lile neno lake.

"Baba, samahani," nilisema, na sijui sauti niliitoa wapi. "Hapo palikuwa na kitufe kingine. Kimeondolewa leo asubuhi."

"Nesi, haya ni mambo ya ukoo," Doto alinikata.

Hatukumaliza kubishana. Mzee Kulwa aliinama upande, akaukamata waya wa umeme uliopita kando ya kiti chake, akauvuta. Kioo kikawa cheusi. Mzee akabaki ameushika ule waya mapajani, anahema.

Mjumbe akamwambia Deo, "Iwashe."

Deo akaiwasha. Ilikuwa kompyuta ya zamani ile, ilinguruma muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa kwa kuchoka kungoja. Vitufe vikaanza kutokea, na Deo akarudi nyuma hatua, rangi imemtoka. Ndiyo. Sitaki. Asante. Alikuwa ameangamiza kitufe kwenye kioo tu. Maandishi ya yule mama, ambayo kompyuta iliyasoma upya kila ilipowashwa, hakuwa ameyagusa.

Mzee Kulwa hakungoja kuulizwa. SITAKI. Deo akafuta maandishi, mzee akabonyeza tena. SITAKI. Alikuwa analia na mkono haukuacha.

"Nimesikia," mjumbe alisema. Kisha akamgeukia Deo, wala hakupandisha sauti. "Kijana, ungemkata ulimi kwa kisu, tungekufunga kamba. Umemkata kwa neno moja, na tulikuwa karibu kukushukuru."

Mzee Kulwa alirudi Kirumba na mkewe, na alifia kwake, miaka baadaye. Doto nilisikia alikuja kwenye msiba. Deo aliendelea kuwa fundi mzuri, ila tangu siku ile mtu akimwomba aondoe kitu, kwanza alikwenda kumuuliza aliyekuwa anakitumia.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayefuta mambo kwa kidole gumba huku unatafuna karanga. Kufuta neno la mtu ni kosa, lakini anaweza kulisema tena. Kumwondolea pa kulisemea ni ukatili, na ukatili huu hauna kelele wala pengo. Vilivyobaki vinasogea, vinaziba, na wote mnadhani amekubali. Usimwondolee mtu "sitaki" yake kwa sababu inakuchosha. Awe mgonjwa, awe mkeo, awe mtoto wako mwenyewe. "Ndiyo" ya mtu asiye na njia ya kukataa si ndiyo, hata ikiandikwa kwa herufi kubwa namna gani. Na ukiona imeondolewa, sema, hata ukiambiwa hayakuhusu.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kufuta. Na siku ulimi wako utakapokuwa mzito, akuzungushie watu watakaokungoja umalize.