Nilimpinga Feza kwenye ukuta wa heshima wa basketi, bata wakanisahihisha

Wakuu, naandika kutoka Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, pembeni ya ziwa Mweru upande wa Zambia. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Mashahidi wangu ni mke wangu, jirani yangu na bata sita.

Nianze na aibu, tuimalize mapema.

Wiki mbili zilizopita niliandika post ndefu kwenye group letu la basketi. Aya kumi na nne. Nilieleza defanse ni nini hasa: mlinzi wa kweli anakaa macho, hadanganyiki, haachi mutu apite nyuma yake.

Wakati naandika, mke wangu alikuwa ameniachia mkeka wa chisense. Chisense ni dagaa wa ziwa letu, tunawaanika juani siku nzima, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwalinda.

Nikabonyeza send. Nikainua kichwa.

Bata wa jirani walikuwa wamemaliza nusu ya mkeka. Wala hawakukimbia, walinitazama kama watu waliosumbuliwa mezani.

Hatua tano kutoka kwenye kiti changu, wakuu. Tano.

Sasa niwaeleze ile post ilitoka wapi.

Mimi ni mchoraji wa majina ya mitumbwi. Mwenye mtumbwi ananitumia jina, nalichora kwenye kipande cha bati, anakuja kuchukua, anakwenda kupigilia mwenyewe. Kwa hiyo sina sababu ya kutoka nyumbani, na sitoki. Mke wangu, Mama Plamedi, anasema siku ya mazishi yangu watanibeba pamoja na kiti.

Basi, hapa Kashikishi tuna uwanja wa basketi wa saruji, na nyuma ya goli moja kuna ukuta. Komite ya uwanja ikaamua ukuta ule uwe hall of fame yetu. Majina matano ya wachezaji walioupa uwanja heshima, yachorwe kwa rangi ya mitumbwi ili mvua isiyaguse.

Majina manne yalipita bila kelele.

La tano lilikuwa Feza, na hapo kijiji kikagawanyika.

Feza ni mlinzi wa ekipe ya akina mama. Alivuka kutoka Kongo kwa boti na mama yake, wakapita kambi ya wakimbizi ya Kenani, na sasa anaanika chisense hapa ufukweni. Kufunga hajui sana. Kuna mechi nyingi anamaliza bila pointi hata moja. Lakini yule anayelindwa na Feza naye anamaliza bila pointi, na mara nyingi bila hamu ya kuendelea na mchezo.

Dhambi zake zinajulikana. Anavuta jezi. Anakanyaga vidole. Mwenzake akienda kupiga mpira wa adhabu, anamuuliza kwa sauti ya upole kama sufuria ameitoa motoni. Kuna msimu alifungiwa wote kwa sababu alimunyang'anya arbitre filimbi na kuitia mfukoni.

Watu sita wa komite wakapiga kura. Watatu ndiyo, watatu hapana. Mwenyekiti, Kocha Mumba, akasema anayeshika brashi ndiye avunje sare, kwa kuwa mwandiko utakaobaki pale ni wake.

Yaani mimi.

Na mimi nikajibu kwa aya kumi na nne kwamba hapana, heshima si ya wachafu. Jibu rasmi nilitakiwa kulitoa Jumamosi uwanjani, baada ya mechi, mbele ya watu.

Hapa niwaambie kitu ambacho kwenye group sikukisema: Feza nilikuwa sijawahi kumuona akicheza. Hata siku moja. Vipande vya video kwenye simu tu, na vyote ni vile vya makosa, maana hakuna anayerekodi mutu aliyesimama vizuri.

Turudi kwenye bata.

Mama Plamedi aliporudi aliutazama mkeka, akanitazama mimi, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na hukumu. Kesho yake ningeanika kule ufukweni pamoja na bamama wengine, kwa sababu kule hakuna kiti.

Nikaenda. Wakuu, jua lile sikulijua. Bamama walinipokea kwa vicheko, habari ya bata ilikuwa imefika kabla yangu. Na fasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja, jirani na nyavu za nani?

Feza.

"Ni weye mwenye aliandika mambo mingi ya defanse?" akaniuliza, bila kuacha kutandaza samaki.

Nikakubali.

"Na bata?"

Nikasema walikuja kwa nyuma.

"Hawakuja nyuma. Ni weye uliwapa mugongo."

Nikatandaza samaki.

Saa mbili baadaye wakaja bata wa ufukweni, ambao ni wabaya kuliko wa nyumbani, na mbuzi mmoja nyuma yao. Mimi nikarusha kandambili, nikakimbiza bata mmoja mpaka karibu na maji. Niliporudi, wenzake wawili walikuwa wanakula kwangu.

Upande wa Feza hakuna aliyekula.

Na yeye hakukimbia hata mara moja. Alikuwa ameinama kidogo, mikono wazi, anateleza pembeni hatua moja, hatua mbili. Kila bata alipotaka kupita, alimkuta Feza amekwisha kufika. Bata anasimama, anafikiri, anageuka.

Nikamuuliza anafanyaje.

"Usimukimbize. Ukimukimbiza mumoja, unafungulia wengine njia. Angalia fasi anataka kupita, usimame pale mbele ya yeye kufika."

Wakuu, ile ni post yangu yote ya aya kumi na nne, imesemwa na mutu mwenye magamba ya samaki mkononi.

Siku tatu nilianika naye. Neno la kura hakulitaja. Siku ya tatu nikashindwa mwenyewe, nikamuuliza ukuta una maana gani kwake, kwa sababu watu wanasema anatafuta sifa tu, na kwa goti lake la kushoto huu ndio msimu wake wa mwisho.

Akanyoosha mgongo.

"Jina yangu iko pa liste ya Kenani. Iko pa karte ya chakula. Iko pa kitabu ya hospitali. Fasi yote ile niliandikwa sababu nilisimama mu mustari. Nataka fasi moya yenye niliandikwa sababu nilicheza."

Kwenye mstari ule wa Kenani hata mimi nilisimama, nilipovuka. Nikajifanya natafuta kandambili yangu.

Jumamosi ikafika. Mutu wa kiti nikatoka mchana kweupe na kopo la rangi mkononi, na jirani yangu BanaChola, yaani mama Chola, mwenye bata, akanisindikiza. Alisema hawezi kukosa kuona muujiza wa mimi kufika barabarani.

Mechi ilikuwa dhidi ya ekipe ya Nchelenge mjini. Kapteni wao ni dada mrefu, mkono wa kulia kama mashine, kila mtu alimjia yeye. Feza anamfika begani.

Nilidhani nitakaa kimya kama mtu wa komite. Dakika ya tano nilikuwa nimesimama. Nusu ya pili sauti ilikuwa imekwisha. Yule dada kila akigeuka, Feza yupo. Akienda kulia, Feza yupo. Akasukuma mpira kwa hasira, akapoteza. BanaChola, ambaye hajui sheria hata moja ya basketi, akanigonga kiwiko, akasema lakini huyu anachunga samaki.

Na niwe mkweli, kama nilivyoanza: Feza alivuta jezi. Niliona. Arbitre hakuona, mimi niliona vizuri kabisa.

Sekunde za mwisho tunaongoza kwa pointi moja, mpira ni wao. Kapteni anao. Kila mtu anajua anakwenda kulia.

Halafu Feza akamwacha.

Uwanja mzima ukapiga yowe. Akamwacha, akampa mgongo, akakimbia kuelekea chini ya goli kama mutu aliyekumbuka kitu nyumbani. Nikashika kichwa. Nikasema kimoyomoyo, aya zangu kumi na nne zilikuwa sahihi.

Lakini alipofika pale akageuka, akakita miguu, akakunja mikono kifuani. Akasimama.

Kapteni alikuwa tayari hewani. Akamgonga katikati ya kifua, wote wawili chini, mpira ndani ya goli, filimbi.

Macho yote kwa arbitre.

Arbitre akaonyesha upande wetu. Mshambuliaji akimgonga mlinzi aliyekwisha kusimama, kosa ni la mshambuliaji, na goli halihesabiwi. Mechi ikaishia pale, na mimi nilijikuta nimemkumbatia BanaChola pamoja na kopo la rangi. Kitenge chake sasa kina doa la bluu, na hilo litanigharimu maneno ya miezi.

Kocha Mumba akaniita katikati. Mchoraji, ndiyo ao hapana?

Nikasema yote. Kwamba alifungiwa kwa haki. Kwamba hata leo nimemuona akivuta jezi mara moja.

"Mara mbili," akasema Feza kutoka chini, goti likifungwa kitambaa.

Nikasema sawa, mara mbili. Na nikasema ndiyo, aandikwe, kwa sababu nilimhukumu nikiwa kwenye kiti, na wale waliocheza dhidi yake hawajawahi kulala usingizi mzuri kabla ya mechi.

Watatu wa komite waliondoka. Mmoja hanisalimii hadi leo.

Nilipomaliza kuchora, Feza akamleta mama yake. Mama hajui kusoma, akauliza ni lipi. Akaonyeshwa. Akaliwekea kidole, rangi bado mbichi.

Alama ya kidole iko pale, kwenye herufi ya mwisho. Komite wananiambia nirekebishe. Sirekebishi.

Nilichojifunza ni kidogo: ukitaka kumhukumu mlinzi, usiangalie aliyegusa. Angalia wangapi walitaka kupita wakabadili mawazo. Na utoke nyumbani kwanza.

Haya, wakuu, semeni ninyi. Mlinzi mchafu lakini hapitwi, kwenye ukuta wenu mngemuweka? Wanaopinga nawasubiri, leo nina bundle ya kutosha.

Nilitaka kuishia hapo, ila BanaChola ameegemea ukingo wa boma sasa hivi, ananitazama mimi, anatazama mkeka wa chisense nyuma yangu, na amesema hivi, neno kwa neno:

"Baba Plamedi, Feza mulimuandika pa ukuta sababu anajua kulinda. Weye tutakuandika wapi, pa tumbo ya bata yangu?"