Mnong'ono wa Mama Kando ya Barabara

Baba yangu, mwanajeshi mstaafu, alipopofuka kwa uzee pale Koboko, hakutaka mtu ajue. Kila asubuhi alikaa kando ya barabara, mama pembeni akichambua maharage na kumnong'oneza nani anakuja. Baba alimsalimu kila mpita njia kwa jina, kwa sauti ya paredi. Jinsi ninavyoukumbuka mnong'ono ule!

Mama akaenda Arua kumzika dada yake. Kwa kuogopa kukosea jina, baba akanyamaza hata aliposalimiwa. Kwetu asiyeitikia salamu ana kinyongo. Jioni majirani wakaja na kuku: “Mzee, kama iko kosa, tusamehe.”

Mkaidi yule! Akawasamehe wote.

Mama hakusafiri tena, hata kwa msiba.